Adrienne Anachagua Mashini ya Linux

Siku ya soko, Nyabiondo, mtu mwenye barua ya kuandikisha anajua pa kwenda. Anawapita wauza maharagwe. Anawapita mafundi wa pikipiki. Anafika kwenye nyumba ndogo ya mbao yenye paneli moja ya jua juu ya mabati. Ndani kuna meza, benchi, emprimante ya kutoa karatasi, na kompyuta ndogo inayofunguka kama kitabu. Watu wa hapa wanaiita mashini tu. Nyuma ya meza anakaa Mama Adrienne.

Adrienne anaandika kila kitu. Barua ya kuomba kazi. Barua ya kuuza malisho. Nyimbo za kwaya. Barua ya kuomba msamaha kwa wakwe, hiyo anaiandika polepole na hacheki. Hatazami vidole vyake. Vidole vimeshajua kila herufi inakaa wapi, pamoja na zile za Kifaransa zenye alama juu.

Mume wake ni Papa Isidore. Alizaliwa Nyamitaba, kati ya ng'ombe. Anafuga mlimani na anatengeneza fromaji, yaani jibini ya maziwa. Kila mwezi anapeleka fromaji Walikale, kule msituni, ambako hawafugi ng'ombe wengi. Isidore hakusoma sana, lakini ana macho. Mtu wa milima hii akitaka kununua ng'ombe, anamwita Isidore kwanza. Isidore anamzunguka mnyama. Anatazama meno, kwato, namna anavyopumua. Hasemi mengi. Akisema ndiyo, kamba inafungwa. Akinyamaza, mnunuzi anarudi nyumbani.

Mwaka huo mashini ya Adrienne ilianza kuugua. Walimu walileta kazi zao kwenye flash, kile kijiti kidogo cha kubeba maandishi. Kila flash ilikuwa imepita kwenye mashini nyingi na ilikuja na virusi. Virusi ni programu mbaya. Vinaingia kimya na kuharibu kazi za watu. Siku moja barua zilipotea. Siku nyingine mashini ilichukua saa nzima kuamka. Jumatatu moja haikuamka kabisa.

Juma lile lile akaja Direkteri Déo, mkuu wa shule ya msingi. Alikaa kwenye benchi akaeleza neno kubwa. Shule za sekta yao ni nane. Kila mwaka zinapeleka mitihani ya mwisho kuandikwa mbali, mjini. Mwaka jana karatasi zilifika siku mbili baada ya tarehe, na ukurasa wa hesabu haukuwamo. Watoto wa darasa la sita walikaa kwenye madawati mpaka saa sita wakisubiri maswali. Sasa madirekteri wanane wamekutana. Déo aliwaambia yupo mtu hapa hapa Nyabiondo anayeweza kuiandika yote. Baadhi walicheka. Mmoja aliuliza kama mitihani itaandikwa kati ya barua za wakwe na nyimbo za kwaya.

"Niliwaambia unaweza," alisema Déo. "Wamekupa majuma sita. Ukishindwa, tunarudi mujini, na hawatanisikiliza tena juu yako."

Adrienne aliitazama mashini iliyokufa. Akasema ataandika.

Déo alimpa shauri moja. Kule Walikale, alisema, kuna fundi anaitwa Kavira. Mashini za ofisi ya afya zilikuwa zinakufa kwa virusi kila mwezi. Kavira aliweka ndani yake kitu kinachoitwa Linux, na tangu siku hiyo zinafanya kazi. Déo alikuwa na flash yenye Linux, aliyopewa na Kavira mwenyewe. Akaiacha mezani. Alisema kabla ya kununua mashini nyingine ni lazima ijaribiwe kwa flash hiyo.

Isidore alisema yeye ndiye atakayeenda Goma kununua. Adrienne alitaka waende pamoja. Isidore alikataa kwa upole. Kwao mwanamke haendi kununua ng'ombe, na yeye aliona hakuna tofauti kubwa. Mnyama ni mnyama, mashini ni mashini, jicho ni jicho.

Aliuza dume moja. Akaweka flash mfukoni, akaenda.

Alirudi siku ya nne na katoni nyeupe. Majirani walijaa mlangoni. Isidore aliifungua kama padri anavyofungua tabernakulo. Ndani kulikuwa na mashini nyembamba kama sahani, yenye rangi ya fedha, inayong'aa mpaka mtu anajiona. Watu waliisifu. Isidore alisimama pembeni mikono nyuma, kama anavyosimama siku ng'ombe aliyemchagua anapozaa.

Adrienne aliketi aanze. Sentensi ya kwanza ilimtoka vibaya. Herufi hazikuwa mahali pake. Klavye, yaani ule ubao wa herufi, ilikuwa ya Kiingereza. Palipo A, yeye alipata Q. Alama za Kifaransa hakuziona. Alisema moyoni atazoea.

Akachomeka flash ya Déo. Linux iliamka, lakini nusu nusu. Mashini haikuona mtandao wa wifi hata mmoja, ingawa simu yake iliuona ule wa parokia. Kidude cha kuongozea mshale hakikusikia kidole. Basi akaiacha na mfumo wake wa kiwandani, ule iliokuja nao. Siku ya tatu mwalimu mmoja akaleta flash. Siku ya tano barua zilianza kupotea tena.

Majuma mawili yalikuwa yamekwisha. Hakuna mtihani hata mmoja ulioandikwa.

Adrienne alimwuliza mume wake, taratibu, kama aliijaribu kwa flash kabla ya kulipa. Isidore aliichukua flash ya Déo mezani, akaigeuza mkononi. Kisha akasema, "Muntu hawezi kukamua ngombe mu lupango ya wenyewe mbele ya kumaliza maneno. Niliona haya."

Adrienne alielewa. Hiyo ndiyo desturi ya wafugaji. Ng'ombe wa mwenzako humkamui kabla bei haijakubalika na mikono haijashikana. Ukimkamua, umemwambia mwenye zizi kwamba anadanganya. Isidore alisimama mbele ya yule muuzaji, flash mfukoni, na heshima ikamfunga mdomo. Aliitazama mashini kwa nje, na kwa nje ilikuwa nzuri kuliko zote.

"Kesho kutwa unapeleka fromaji Walikale," alisema Adrienne. "Na miye nakwenda. Vidole njo vyangu."

Isidore hakubisha.

Déo alimwandikia Kavira ujumbe kwa simu. Jibu lilirudi kwa maneno machache. Waje. Na waje na emprimante yao, kwa sababu mashini na emprimante lazima zikubaliane.

Basi wakaondoka kwa pikipiki mbili. Moja ilibeba fromaji na katoni nyeupe. Nyingine ilimbeba Adrienne, na mgongoni mwake emprimante, imefungwa kwa kitenge kama mtoto. Safari ilikuwa ya siku mbili, matope na mawe, na daraja za miti miwili. Waliposimama kununua ndizi, mama mmoja aliuliza mtoto ana miezi mingapi. Adrienne alijibu kwamba ana miaka minne na bado hajatembea. Yule mama alifunua kitenge kidogo, akaona plastiki, akacheka mpaka akaketi chini.

Duka la Walikale lilikuwa la Jérôme, mfanyabiashara aliyetoka Butembo. Aliuza misumari, sabuni, batri, na mashini zilizotumika. Mashini hizo zilitoka kwenye maofisi ya ng'ambo. Kule wanazibadilisha baada ya miaka michache, hata zikiwa nzima. Dada yake, ndiye yule fundi Kavira, alikaa pembeni ya duka, mbele ya meza yenye bisibisi na taa ndogo. Kila mashini iliyoingia ilipita kwanza mikononi mwake.

Kavira aliwapa viti. Alionja fromaji ya Isidore, akakata kipande cha pili. Hakugusa katoni. Alimgeukia Adrienne akaanza kumwuliza. Anaandika nini? Kurasa ngapi kwa siku? Umeme unatoka wapi? Wateja wanaleta kazi kwa njia gani? Kitu kikivunjika, nani anatengeneza?

Adrienne alijibu kila swali. Isidore alishangaa. Kule Goma hakuna aliyemwuliza kitu chochote.

Kisha Kavira akaeleza Linux. Alisema mashini ina mwili, na ndani yake kuna mfumo unaouamsha mwili na kuuongoza. Linux ni mfumo wa namna hiyo. Umetengenezwa na watu wengi wa nchi nyingi, na wameruhusu kila mtu autumie, aunakili, ampe jirani. Hakuna leseni ya kulipia. Virusi vingi vinavyotembea kwenye flash za walimu viliandikwa kwa mfumo mwingine. Vikifika kwenye Linux, vinalala pale kama mbegu juu ya jiwe.

"Lakini usiseme Linux haipati ugonjwa hata siku moja," aliongeza. "Ukiingiza programu usiyojua inatoka wapi, utalia kama wengine."

Adrienne aliuliza kwa nini basi kwenye mashini mpya Linux iliamka nusu. Kavira aliifungua katoni nyeupe, akachomeka flash yake, akatazama. Alisema mashini hii si mbaya. Mwanafunzi anayebaki na mfumo wa kiwandani ataifurahia. Lakini ndani yake kuna sehemu za kigeni sana. Kiwanda kilichotengeneza sehemu ya wifi hakikueleza bado namna ya kuzungumza nayo, na Linux haijajifunza. Mashini mpya kabisa mara nyingi ziko hivyo. Zile zilizokaa sokoni miaka michache, Linux imeshazizoea. Tena memwari yake, nafasi ambayo mashini inafanyia kazi, ni giga nne, na zimegandishwa humo. Huwezi kuongeza. Batri nayo imefungiwa ndani.

Isidore alitazama sakafu. Kavira aliona.

"Papa Isidore, hukununua mashini mubaya," alisema. "Ulinunua mashini ya muntu mwingine."

Alileta mashini tatu akaziweka mezani. Zote zilikuwa zimetumika, na yeye alikuwa bado hajazipima. Bila kufikiri Isidore alinyoosha mkono kwenye ile kubwa kuliko zote. Kavira alitabasamu. Alimpa flash mkononi, akamwambia aijaribu yeye mwenyewe.

Isidore alirudisha mkono. Jérôme, mwenye duka, alikuwa amesimama pale pale akiwatazama. Bei haikuwa imetajwa. Hakuna mkono ulioshikwa. Kavira alielewa mambo ya wafugaji, maana aliishi nao miaka miwili Masisi, milimani kwao. Alimwambia kwa sauti ya kawaida, kaka yake akisikia, "Huku kwetu muntu asiyepima njo anatutukana. Anasema tuko watu wa kudanganya, heri afumbe macho asione."

Jérôme alitikisa kichwa. Ni kweli, alisema. Aliyepima harudi na hasira.

Isidore akachomeka flash. Kavira alimwonyesha kifungo cha kubonyeza mara tu taa inapowaka, ili mashini iamke kutoka kwenye flash na si kutoka ndani yake. Alieleza kwamba kifungo hicho si kimoja kwa mashini zote, ni kuuliza au kujaribu. Na kuamka hivyo hakugusi kitu kilichomo ndani ya mashini. Ukizima na kutoa flash, mashini iko kama ilivyokuwa.

Ile kubwa haikuamka. Ilionyesha kisanduku kidogo kikiomba neno la siri. Jérôme hakulijua. Kavira naye hakulijua, mashini hiyo iliingia jana. Alisema ni kufuli iliyowekwa na ofisi ya kwanza. Pengine waliisahau. Pengine mashini haikutoka kwao kwa njia nzuri.

Hapo Isidore aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Hii iko na alama ya wenyewe," alisema. "Ngombe mwenye alama ya mwingine hauingize kwako, hata wakikupatia bure."

"Njo vile," alisema Kavira. Jérôme aliichukua mashini ile akaiweka nyuma, mbali na zile za kuuza, mpaka atakapomwuliza aliyeileta.

Ya pili iliamka vizuri. Wifi ilionekana, sauti ilisikika. Kavira alimwambia Isidore aifunge kama kitabu, ahesabu mpaka ishirini, aifungue. Alipoifungua kioo kilibaki cheusi. Walijaribu mara tatu. Mara tatu ilikataa. Kavira alisema mtu anayetumia jua anafunga mashini kila mteja anapochelewa, ili asimalize batri. Mashini isiyoamka baada ya kufungwa itampotezea kazi.

Ilibaki ya tatu. Ilikuwa nene, nyeusi, na mkwaruzo mrefu mgongoni. Pembe moja ilikuwa imekatika. Kibandiko cha ofisi ya kwanza kilikuwa kimebanduliwa, kikaacha gundi. Isidore aliitazama kama mtu anayetazama beberu kwenye soko la ng'ombe.

Lakini iliamka kwa dakika moja. Wifi ikaonekana. Sauti ikatoka. Mshale ukafuata kidole. Isidore akaifunga, akahesabu mpaka ishirini, akaongeza mpaka thelathini kwa ukali. Akaifungua. Ilikuwa pale pale alipoiacha. Kavira akamwonyesha hesabu ya batri, kwamba bado inashika saa tatu, na kwamba inatoka kwa kusukuma vifungo viwili. Akaigeuza chini. Kuna skrubu za kufungua kwa bisibisi. Memwari ni giga nane, na kuna nafasi ya kuongeza. Disiki, yaani ghala ya kuhifadhia kazi, ni ya aina isiyozunguka ndani. Ina kasi, na haiogopi sana mtikisiko wa pikipiki. Kavira aliuliza hali yake kwa programu moja ndogo, na jibu lilisema ni nzima.

"Sasa wewe, Mama Adrienne," alisema. "Andika."

Adrienne alivuta kiti. Klavye ilikuwa ya Kifaransa. Aliandika bila kutazama: jina la shule ya Déo, jina la darasa la sita, swali moja la hesabu, swali moja la Kifaransa lenye alama zote juu ya herufi. Vifungo vilikuwa vizito kidogo, vinaingia na kurudi vizuri. Mteja wa sabuni alisimama kutazama. Kisha Kavira akafungua kitenge, akaunganisha emprimante. Mashini iliitambua bila kuombwa. Karatasi ikatoka, safi, na swali la hesabu mahali pake.

Adrienne aliishika ile karatasi kwa mikono miwili. "Ni hii," alisema.

Isidore alimvuta pembeni. Alisema kwa sauti ya chini kwamba mashini ni nzuri, ameona. Lakini alitoka nyumbani na mashini mpya inayong'aa. Watu wote waliiona. Sasa arudi na kitu chenye pembe iliyokatika? Yeye, Isidore, anayeitwa na watu wa milima yote?

"Watasema jicho la Isidore limekufa," alisema.

Adrienne alimtazama. Hakuwa na hasira. Aliwaza juu ya wale watoto waliokaa kwenye madawati mpaka saa sita. Akasema, "Wewe ukichagua ngombe ya maziwa, unatafuta yenye ngozi nzuri? Ulinifundisha mwenyewe. Unashika kiwele. Leo umeshika kiwele. Umepima tatu, ukakataa mbili. Hakuna muntu Nyabiondo anajua kufanya vile. Ni wewe tu."

Isidore alirudi mezani. Aliichukua mashini nyeusi, akapitisha kidole kwenye ule mkwaruzo wote, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Akamwambia Jérôme wabadilishane.

Walijadiliana muda mfupi, kama watu wanavyobadilishana ndama na mbuzi. Jérôme alichukua ile ya rangi ya fedha. Alitoa ile nyeusi, na batri ya pili, na sharja mbili. Isidore aliongeza fromaji moja kwa ajili ya Kavira, kwa sababu alimwona anaangalia kikapu. Mikono ikashikana.

Kavira aliiweka Linux ndani ya mashini, moja kwa moja. Alimtengenezea Adrienne milango miwili, kila mmoja na neno lake la siri. Mmoja wa kazi za kila siku. Mwingine wa mitihani peke yake. Akamwonya mambo mawili. La kwanza, kazi yenye jedwali, ikiandikwa na mwalimu kwenye mfumo mwingine, inaweza kuhama kidogo ikifunguliwa hapa; aikague mstari kwa mstari kabla ya kutoa karatasi. La pili, kazi moja iwekwe mahali pawili kila siku, kwenye mashini na kwenye flash ya kufungia kabatini. Mashini nzuri pia huanguka kwenye maji.

Walipofika Nyabiondo, majirani walikuja tena. Waliona ile pembe. Mmoja aliuliza kama njiani mashini ilipigana na mbwa. Mwingine alisema Isidore aliondoka na bibi harusi, akarudi na mama mkwe wake. Vicheko vikawa vingi. Isidore naye alicheka, akawaambia mama mkwe anajua kupika. Kisha akawaita karibu. Aliifunga mashini mbele yao, akawahesabisha mpaka ishirini kwa sauti, wote pamoja, akaifungua. Mtaani watu walianza kuuliza wanahesabu nini humo ndani.

Yalibaki majuma matatu. Walimu wa shule nane walileta maswali yao kwenye flash. Kwenye karibu kila flash Adrienne aliona mafaili yenye majina ya ajabu, ambayo mwalimu mwenyewe hakuyaandika. Hayakumfanya kitu. Aliyafuta, akarudisha flash safi, na walimu walishukuru kama watu waliosafishiwa kidonda. Jedwali la jiografia lilihama, kama Kavira alivyosema. Adrienne alilirudisha mahali pake. Mvua ilinyesha siku tatu na jua likawa dogo. Alitumia batri ya kwanza asubuhi na ya pili mchana, na kati ya hapo alifunga mashini kila alipoinuka. Kila jioni kabla ya giza aliweka kazi mahali pawili, akafunga kabati, akavaa ufunguo shingoni.

Siku tano kabla ya tarehe, madirekteri wanane walifika pamoja. Bahasha zilikuwa zimepangwa juu ya benchi, nane, kila moja na jina la shule yake. Yule aliyeuliza juu ya barua za wakwe ndiye aliyehesabu kwa bidii kuliko wote. Alihesabu kurasa za Kifaransa. Alihesabu za hesabu, mara mbili, akilowesha kidole. Alitafuta ukurasa unaokosekana. Hakuupata. Alirudisha karatasi kwenye bahasha, akaisawazisha kwa kiganja, akamwuliza Isidore kama mwezi ujao ana nafasi ya kwenda Walikale. Shule yake inataka mashini, na yeye hajui kupima.

Isidore alisema ana nafasi. Lakini alitaja sharti: yule atakayeandika kwenye mashini hiyo lazima aje, hata akiwa mwanamke, hasa akiwa mwanamke.

Déo alikuwa na karatasi ya mwisho mkononi. Ni ile ambayo kila direkteri anatia sahihi kwamba amepokea mitihani yake yote. Adrienne aliiandika asubuhi ile. Chini, pale panapokaa jina la mahali na tarehe, kila mwaka palikuwa na jina la mji. Déo alisoma mstari huo kimya. Kisha alisimama akausoma kwa sauti, ili hata walio nje mlangoni wasikie.

"Imefanyika Nyabiondo."

Akawa wa kwanza kutia sahihi, akampa kalamu aliyemfuata.